Gundi, Kisu au Miale

Mkono wa kushoto ndio ulioanza vurugu. Nilikuwa nimebeba sinia ya vikombe, nimeinama mbele ya mgeni wetu wa heshima nikimngoja achukue chai yake, mara vidole vikaanza kurukaruka bila ruhusa yangu. Niliviangalia kwa mshangao, kama mtu anayemwona kuku wa jirani akiingia nyumbani kwake. Vikombe vikagongana. Sinia ikapinduka. Kitu cha mwisho nilichoona ni chai ya maziwa ikitambaa juu ya sketi ya mwanamke aliyekuwa anakaribia kuwa mama mkwe wangu.

Ilikuwa Jumamosi ya watu wa kina mchumba wangu kuja kujitambulisha. Mama yangu ni fundi wa kushona nguo. Anaishi Lindi, ndani ya Kibera, katika chumba kile kile alimonilelea tangu alipokuja Nairobi kutoka upande wa ziwa. Wiki nzima alikuwa amekipamba kama ukumbi wa harusi. Cherehani ilisukumwa pembeni, ikafunikwa kitambaa cha maua na kugeuzwa meza. Viti vilikuwa vya majirani. Na mgeni mwenyewe hakuwa mgeni wa kawaida. Mama wa mchumba wangu ni mwenyeji wa Kawangware, ana ploti za kupangisha, na salon yangu ya kusuka nywele iko kwenye mojawapo ya ploti hizo. Kwa hiyo nilikuwa nimemmwagia chai mama mkwe na mwenye nyumba wangu kwa mpigo mmoja.

Niliporudiwa na fahamu nilikuwa sakafuni, nimelala kwa ubavu, ulimi unauma na kichwa kizito. Mchumba wangu alikuwa amepiga magoti nyuma yangu. Yeye ni mwalimu wa chekechea huko Kianda, upande mwingine wa Kibera, jitu refu lenye mabega ya kubeba magunia, na aliwahi kuwa na mwanafunzi mwenye kifafa, kwa hiyo alijua la kufanya. Alikuwa amesogeza viti mbali na sasa anamzuia jirani mmoja aliyetaka kunitia kijiko mdomoni.

"Hakuna kumtia kitu mdomoni!" alikuwa akisema kwa sauti yake ya darasani. "Kila mtu arudi nyuma. Nyuma kabisa."

Watu wazima wote wakarudi nyuma kama watoto. Kisha nikaisikia sauti ya mama yake, nayo ilikuwa na furaha isiyofichika.

"Huyu ana mimba!"

"Mimba ya mkono?" Mama akamjibu. "Yawa! Umeona wapi mimba ikianzia kwa vidole?"

"Mimi nikiwa na huyu kijana si nilizimia sokoni?"

"Wewe ulizimia. Huyu alikuwa anatetemeka kama mtu ameshika waya wa stima."

Wakabishana hivyo juu ya mwili wangu, mmoja kila upande, nami nikatamani kucheka ila ulimi ukanikataza. Hivyo ndivyo familia zetu zilivyotambulishana.

Mimba haikuwepo. Kliniki ilisema hivyo Jumatatu, mwenye ploti akanuna kidogo, kisha tukatumwa hospitali kubwa ya rufaa kupigwa picha ya kichwa. Picha ya kwanza ilionyesha kitu, wakataka ya pili, ile ya mashine inayogonga kama mafundi wa mabati. Nililala ndani ya lile pipa nikajaribu kukisia wanajenga nini. Niliamua ni choo cha ploti.

Ninaongea hivi sasa kwa sababu najua mambo yalivyoisha. Siku zile kicheko kilikuwa mbali. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba ni kansa, na kwamba gauni ambalo Mama alikuwa ameanza kunishonea lingevaliwa na mtu mwingine.

Daktari wa upasuaji wa ubongo aliyetupokea alikuwa mwanamke mfupi, amevaa raba za kukimbilia, na alikuwa mtu wa mzaha. Tuliingia watatu: mimi, Mama na mchumba wangu. Alitugeuzia kompyuta ili sote tuone.

"Damu hutoka kwa moyo na presha," alisema. "Inapita kwa mishipa mikubwa, halafu inaingia kwa vimishipa vidogo sana, vyembamba kuliko unywele. Huko inapunguza mbio, inauachia ubongo hewa na chakula, ndipo inaingia kwa mishipa ya kurudi. Sasa angalia hapa kwako." Akaweka kalamu juu ya picha. "Hivyo vidogo vya katikati havipo. Mishipa ya kuleta imeungana moja kwa moja na ya kurudisha, ikajisokota ikawa fundo. Hii ya kurudisha haikuumbwa kubeba presha kama hiyo. Inaweza kukaa kimya miaka mingi. Inaweza pia kupasuka. Na hilo fundo ndilo linachokoza ubongo ulio karibu, ndiyo maana mkono unaruka."

"Ni kansa?" niliuliza.

"Si kansa."

"Basi ni uvimbe."

"Si uvimbe. Ni mishipa tu. Umezaliwa nayo."

Hapo Mama akashtuka. "Amezaliwa nayo? Sasa mimi nilikula nini? Daktari, nilikuwa nabeba maji. Kule nyumbani nilikuwa nabeba mtungi kila siku mpaka mwezi wa mwisho."

Daktari aliweka kalamu chini, akamgeukia kabisa. "Mama, nisikilize. Hukula kitu kibaya. Kubeba maji hakukuleta hii. Hakuna mtu aliyekutupia kitu. Hutokea tu mtoto akiwa bado anaumbika tumboni, na hatujui kwa nini. Hukufanya kosa lolote."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, kisha akafunika uso kwa leso. Sijawahi kumwona akilia mbele ya mtu asiyemjua. Nami, badala ya kulia naye, nikaanza kucheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda, kikatokea puani. Si kansa! Mishipa tu! Nilicheka mpaka nikashika meza. Mchumba wangu akanitazama kwa hofu, akamtazama daktari, akauliza polepole, "Hii pia ni dalili?"

"Hapana," daktari akasema. "Wengine hulia, wengine hunigombeza. Acha acheke, fundo halidhuriki."

Nilianzishiwa dawa za kuzuia kifafa. Zilifanya kazi, ila zilinipa hasira ambazo hazikuwa zangu. Mimi ni mtu wa kupatana. Wiki ya kwanza niligombana na mpiga debe, na muuza maji, na mbuzi aliyekuwa amesimama njiani kwangu na, kwa maoni yangu ya siku ile, alikuwa amefanya makusudi. Nilimwambia yule mbuzi mambo mazito. Mchumba wangu alisimama kando akisubiri nimalize, kisha akamwambia mbuzi, "Pole, ni dawa." Daktari alipobadilisha dawa, nikarudi kuwa mtu.

Jioni nyingi tulitembea pamoja kutoka Kawangware hadi Kianda ninakoishi. Kwenye moja ya jioni hizo nilimwambia nilichokuwa nimekiandaa kwa siku kadhaa.

"Kama unataka kurudi nyuma, rudi. Sitakulaumu. Hukuja kuoa mtu wa kuanguka."

Aliendelea kutembea kama hakusikia. Nilidhani anatafuta maneno ya kuniaga.

"Mimi nafundisha watoto wa miaka minne," akasema mwishowe. "Darasa langu lote huanguka. Huanguka wakikimbia, huanguka wakiwa wameketi. Kuna mmoja alianguka akiwa amelala. Wewe ni mwepesi sana kwangu."

"Niko serious."

"Hata mimi. Na tafadhali tembea upande huu, ukiangukia huko kuna mtaro."

Basi nilifika Kianda nikielea. Nilikuwa na fundo la mishipa kichwani, na mchanganyiko huo wa mapenzi na woga ulinifanya niwe kama msichana wa shule aliyetoroka darasa. Nilikuwa nacheka na kila mtu. Nilinunua mahindi ya kuchoma nikampa mtu ambaye hata hakuniomba.

Kabla ya kuamua lolote, daktari alitaka picha ya tatu, ya kuonyesha damu yenyewe ikipita. Walinichoma sindano ya ganzi kwenye paja, juu kabisa, wakapitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa mpaka shingoni. Nilikuwa macho. Dawa ya rangi ilipoingia nilihisi joto likinifurika kichwani upande mmoja, kama mtu amenimwagia maji ya uvuguvugu kwa ndani. Na kwenye kioo nikaiona mishipa yangu ikitokea, myeusi, inatawanyika kama matawi, halafu mahali pamoja, palepale juu kulia, ikajikunja yote ikawa kijifundo.

"Hicho ndicho?" nikauliza.

"Ndicho."

"Ni kadogo!"

"Ni kadogo," daktari akakubali, na nikasikia kama amefurahi.

Siku ya kuelezwa njia za matibabu, mwenye ploti alisema lazima aje. Tuliingia wanne kwenye ofisi yenye viti viwili. Yeye na Mama wakachukua viti. Walikuwa hawajaongea vizuri tangu ile siku ya chai, kila mmoja akiamini mwenzake amemdharau, kwa hiyo waliketi wakitazama mbele kama abiria.

Daktari alianza na njia ya kwanza. "Kuna kuiacha ilivyo. Unaendelea na dawa za kifafa, tunaipiga picha mara kwa mara, tunaichunga. Hapo ndipo sisi madaktari wenyewe hubishana, kwa sababu hii haijawahi kuvuja damu. Kuna wagonjwa ambao kuiacha ndiyo busara."

"Hiyo," Mama akasema papo hapo. "Tunachukua hiyo. Na maombi."

"Mama, bado kuna zingine."

"Sawa, lakini hiyo iandike kwanza."

"Kuna upasuaji," daktari akaendelea. "Tunafungua mfupa, tunazima mishipa inayoleta damu mmoja baada ya mwingine, tunatoa fundo zima, tunarudisha mfupa."

Mwenye ploti akapiga goti kofi. "Hiyo! Mimi kitu kibovu kwa nyumba yangu natoa. Sikifuniki na pazia."

Nadhani hakukusudia, ila pazia jipya la Mama lilikuwa limefunika ukuta mbovu siku ile ya ugeni, na Mama alijua kwamba mwenzake aliliona.

"Kichwa cha mtoto wangu si ploti," Mama akasema.

"Sijasema ni ploti."

"Umesema nyumba."

Daktari akakohoa. "Ya tatu ni gundi. Tunaingia kwa paja kama juzi, tunafika kwenye fundo, tunamwaga gundi maalum inayoziba mishipa."

Hapo nikachangamka mimi. Gundi! Hiyo ni kazi yangu. Nimebandika nywele za watu kwa gundi tangu nimalize shule, najua gundi inayoshika na ile ya uongo. "Mimi nachukua gundi," nikasema, na nikaanza kuuliza inakauka kwa muda gani. Daktari alinieleza kwa upole kwamba ya kwao haiuzwi kwa chupa ya mwenye salon, na kwamba mara nyingi peke yake haimalizi kazi. Huziba baadhi ya mishipa, mingine ikabaki.

Mchumba wangu alikuwa amesimama nyuma ya mlango, ameinamisha kichwa kwa sababu ya urefu. "Hakuna njia isiyo na kisu na isiyo na kuingiza kitu?"

"Ipo. Miale. Tunalenga fundo kwa miale kutoka pande nyingi, yote ikutane hapo. Hufunguliwi popote. Kuta za mishipa huanza kunenepa polepole mpaka inajiziba."

"Hiyo basi," akasema. "Hiyo ni safi."

"Ila inachukua miaka miwili, mitatu kujiziba. Na muda wote huo inaweza bado kupasuka."

Daktari alitutazama mmoja mmoja, akaanza kutabasamu. "Kumbe hapa kila mtu ana timu yake. Sasa mnataka kusikia refa?"

Tulitaka. Alisema ingekuwa fundo liko ndani sana ya ubongo, angefikiria miale. Langu lilikuwa dogo, liko juu, mahali anapoweza kufika. Na mimi ni kijana, nina miaka mingi mbele ya kubeba hatari hiyo kila siku. Kwa hiyo yeye angetumia mbili pamoja: kwanza gundi, ili damu ipungue, kisha afungue na kulitoa lote. Likitoka lote, limekwisha siku hiyo hiyo. Lakini lilikuwa karibu na sehemu inayoendesha mkono wangu wa kushoto. Mkono ungeweza kulegea, kwa muda mfupi au mrefu. Kulikuwa pia na hatari ya kutokwa damu wakati wa upasuaji, na hilo hakulificha.

"Unasuka kwa mikono miwili?" akaniuliza.

"Kuna mtu anasuka kwa mmoja?"

"Basi nenda ukafikirie. Hakuna haraka ya leo wala ya kesho. Na uamuzi ni wako. Siyo wa hawa wa viti viwili."

Nilienda nikafikiri, na Kawangware nzima ikafikiri nami. Wateja wangu walijigawa. Chini ya mashine ya kukausha nywele kulikuwa na timu kisu, kwenye benchi la kusubiria kulikuwa na timu iache. Mwenye duka la mkabala alikuwa timu miale na alitutangazia akiwa kwake, ng'ambo ya barabara. Mimi bado sikujua.

Kilichoniamua ni wigi. Mteja wangu mmoja, mama wa makamo anayeuza nyanya, alikuwa ameketi nikimrekebishia wigi kwa pasi ya nywele mkono wa kulia, na wa kushoto umeshika nywele. Dawa nilikuwa nimemeza. Vidole vikaanza. Safari hii sikupoteza fahamu, nilikuwa nimesimama nikitazama mkono wangu ukivuta wigi, ukaing'oa, ukairusha. Wigi ikatua kwenye beseni la maji.

Yule mama alijigusa kichwa, akatazama beseni, akanitazama. "Hiyo sasa ni staili gani?"

Salon nzima ilianguka kwa vicheko, na mimi nikacheka kuliko wote. Lakini mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika ile pasi ya moto, karibu kabisa na shingo yake. Niliizima. Nikaketi kwenye kiti cha mteja. Nikajua nataka mkono wangu uwe wangu, na kama kuna mtu wa kuujaribu, basi ni yule daktari wa raba.

Mama nilimwambia siku hiyo hiyo, kwenye cherehani yake. Alisimamisha gurudumu.

"Kichwa hakifunguliwi kama sufuria, nyathina," akasema. Neno hilo, mtoto wangu, hulisema kwa lugha yake akiwa ameogopa.

"Njoo umuulize daktari mwenyewe."

Alikuja, na hakuuliza juu ya kufa wala kupona. Aliuliza, "Ukishafungua, unafunga na nini?" Daktari akamweleza juu ya vibati vidogo vya chuma vinavyoshika mfupa, juu ya uzi wa utando wa ubongo na uzi wa ngozi. Mama akauliza unene wa uzi. Akauliza kama mshono ni wa kurudi nyuma au wa kuzungusha. Waliongea juu ya mishono mpaka mgonjwa aliyekuwa akisubiri nje akabisha mlango. Mama alitoka akiwa mkunjufu wa uso, kama mtu aliyetua mzigo. "Huyo anajua kushona," akaniambia. "Mwache afungue."

Walisema watanyoa ukanda mdogo tu, sehemu ya kukata. Mimi siwezi kutembea na nusu kichwa, ni kuharibu jina la biashara. Niliamua kunyoa zote. Mama alikuja salon na mkasi wake wa nguo, na mwenye ploti, ambaye hakualikwa, akaja na mashine ya kunyolea ya marehemu mume wake. Walisimama kila mmoja upande wake, wakanyoa bila kusemezana. Zilipokwisha nikajitazama kwenye kioo. Kichwa changu kina umbo ambalo nywele zilikuwa zimelificha kwa huruma. Nyuma kimechongoka kama embe.

Mwenye ploti aliminya midomo. Mama akaminya yake. Walikutanisha macho juu ya kichwa changu kwa bahati mbaya, na wote wawili wakapasuka.

"Ngai!" mwenye ploti akalia, ameshika ukuta. "Kumbe hiki ndicho tunaoa!"

"Mmeshakiona," Mama akasema, machozi yanamtiririka, "hakirudishwi."

Walicheka wakakaa chini. Siku hiyo Mama alirudi Lindi akiwa amepandishwa boda boda na mwenye ploti mwenyewe, aliyemwonya dereva kwa kidole asimwendeshe kama gunia la viazi.

Gundi iliwekwa siku moja, upasuaji ukawa siku iliyofuata. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji mchumba wangu alikuwa ameambiwa anipe ujasiri, akasahau kila kitu alichopanga kusema, akajikuta ananiimbia ule wimbo anaowaimbia watoto wake wanapoenda kunawa mikono. Jitu zima. Wauguzi waliitikia kibwagizo. Nililala usingizi wa dawa nikicheka.

Nilipoamka koo lilikuwa kavu na kichwa kimefungwa kama tufe. Sikuuliza nini wala nini. Niliuambia mkono wa kushoto, fumba. Haukufumba. Niliuambia tena. Kidole cha mwisho kikatikisika kidogo, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini, kikatulia. Nilifumba macho na kwa muda sikuwa na kicheko chochote.

Daktari alikuja na raba zake. "Fundo limetoka lote. Lote! Nimeliona mwenyewe kwenye sahani."

"Na mkono?"

Alinishika vidole, akanikuna kiganja. "Unahisi?"

"Nahisi."

"Ubongo wa hapo umevimba kwa sababu tulikuwa tunapita karibu. Uvimbe ukishuka, natarajia urudi. Sitakuapia. Lakini hicho kidole kimenisalimia, nimeona."

Wiki zilizofuata nilikuwa mwanafunzi wa mkono wangu. Kufinya sponji. Kuokota maharagwe. Mtaalamu wa mazoezi alisema nifanye kazi niliyoizoea, hata kama ni vibaya, na hapo ndipo mwenye ploti alipotokea mlangoni kwangu Kianda, akavua kitambaa cha kichwa, akaketi chini kati ya magoti yangu.

"Suka," akasema.

"Mama, siwezi. Nitakuharibu."

"Nimekwambia unipendeze? Suka."

Nilisuka mistari sita, na kila mmoja ulikuwa na mawazo yake. Mmoja ulianzia kwenye paji la uso ukaishia sikioni. Mwingine ulifika katikati ukakata tamaa. Vidole vya kushoto vilichoka haraka, nikapumzika, nikaendelea. Alisinzia. Nilipomaliza alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akageuka huku na huku.

"Iko poa," akasema kwa sauti ya kujilazimisha.

Na Jumapili akaenda nayo kanisani. Akakaa mbele. Watu walipomuuliza ni nani amemtenda hivyo, alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kwaya, "Mkaza mwanangu! Kwa mkono uliofufuka!" Habari zilipofika Lindi, Mama akaja siku iliyofuata, amekunja uso, akaketi palepale. Alitaka kujua kwa nini kichwa cha watu kinasukwa kabla ya chake. Cha kwake kilitoka afadhali. Cha tatu, ambacho kilikuwa cha mwenye ploti tena, kilikaribia kunyooka, na tukakishangilia kama goli.

Tulioana nikiwa na nywele zisizozidi kidole kimoja, gauni la Mama likinikaa sawasawa. Baadaye nilirudi hospitali kupigwa ile picha ya damu ikipita. Joto lilelile, kioo kilekile. Mishipa ikatokea, ikatawanyika, na pale juu kulia ilipita tu kwa utulivu, kila mmoja kwa njia yake.

"Hakuna kitu," daktari akasema. "Hapa hakuna kitu kabisa."

Tulipowaambia mama zetu kwenye korido, walishikana mikono wakaanza kucheza pale pale, Mama akitikisa mabega kama wafanyavyo kwao ziwani, mwenye ploti akiruka mguu mmoja mmoja. Mlinzi akaja mbio kusema hii ni hospitali. Mwenye ploti akamweleza kisa chote tangu chai, kwa mikono, bila kupumua, na Mama akimsahihisha. Mlinzi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama huku na huku, akasema tunaweza kumalizia uani, huko hawezi kutuona.

Dawa za kifafa niliendelea nazo kwa muda mrefu, zikapunguzwa kidogo kidogo, na majuzi daktari akanifutia ya mwisho. Nilitoka kwake moja kwa moja hadi kazini Kawangware. Kulikuwa na binti anangoja, ana nywele nyingi ngumu, anataka mistari midogomidogo, ile inayokula siku nzima. Nilivua koti, nikamwambia aketi.